Posa Iliyoigawa Nyumba Yetu

Mwaka ule nilikuwa nasomesha historia katika skuli moja ya binafsi hapa Ibra, Omani, na katika vitabu vyetu mlikuwa na sura ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Nikifika kwenye sura ile siwezi kukaa kitini. Natembea kutoka ubaoni mpaka dirishani na kurudi, na wanafunzi wamekwisha kunizoea.

Niliwaeleza kama ninavyoeleza kila mwaka. Kaskazini walijenga viwanda na wakaajiri watu kwa ujira, japo ujira wenyewe wa kunyonywa. Kusini walilima pamba, na pamba ikilimwa na watumwa, na utajiri wote wa kule, mashamba, majumba, hata heshima ya mtu mbele ya watu, ulikaa juu ya migongo yao. Kila ardhi mpya ilipopatikana upande wa magharibi, swali lilikuwa lile lile: na huko nako watumwa wapelekwe? Wakubwa wa pande mbili wakikaa, wakikubaliana, na kila makubaliano yalikuwa ni kuahirisha. Makanisa yao yaligawanyika kabla ya nchi. Mwisho ndugu na ndugu wakapigana risasi.

Msichana mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, waligombania utumwa au waligombania mali?"

"Utumwa ndio uliokuwa mali," nikamwambia. "Ukimwambia mtu awaache huru watumwa wake, yeye anasikia unamwambia awe maskini. Na mtu asiyetaka kuwa maskini hutafuta kila neno la kumtetea, hata la dini."

"Na sisi?"

Nilijua angeuliza. Kila mwaka kuna mmoja anayeuliza. "Sisi tulikuwa nao," nikasema. "Mabustani ya tende ya huku bara yalifanyiwa kazi nao. Meli za Sur, bandari yetu ya mashariki, ziliwabeba. Na karafuu za Unguja, walikokuwa wazee wangu, wao ndio waliozichuma. Na bara na pwani ya nchi hii nazo ziliwahi kupigana, kwa mambo yake mengine."

Katika darasa lile walikuwemo watoto wa masheikh na watoto wa watu ambao babu zao waliitwa watumwa wa masheikh hao hao, na wote wanatumia jina moja la kabila. Kengele ikagongwa, wakatoka.

Ilikuwa Alkhamisi. Niliporudi nyumbani nilikuta gari ya binti yangu iko mlangoni. Anafanya kazi Ras al Jinz, kwenye kile kituo ambako wageni huja kutazama kasa wakitaga, na mwisho wa wiki hurudi kwetu. Siku nyingine angekuwa jikoni na mama yake. Siku ile alikuwa amekaa sebuleni, mkoba bado uko begani.

"Baba, kuna mtu anataka kuja kuposa," akasema. "Tunafanya kazi pamoja. Ni mtu wa Sur."

Nikamwuliza jina la ukoo. Akalitaja, na lilikuwa jina kubwa. Nikaanza kutabasamu.

"Ngoja," akasema. "Jina wanalo, lakini si wa damu. Babu yake alikuwa mtumwa wa watu wenye jina hilo. Nakwambia mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu mwingine."

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Yeye ni mtu wa Sur, katika zile koo za wafanyabiashara wa baharini, na Sur wanajuana wote. "Nawajua," akasema kwa sauti ndogo. "Bibi yake ndiye aliyepika wali wa harusi yetu. Mwanangu, mimi nitakaa vipi na watu wale nikawaita wakwe?"

"Utakaa tu, Mama," binti akajibu. "Kama wanavyokaa watu."

Nikatoka nje. Nikaingia kwenye gari nikaendesha mpaka nje ya mji, nikageuza, nikarudi, nikapita mlangoni kwangu bila ya kusimama, nikaendesha tena. Asubuhi nilikuwa mtu wa kuwaeleza watoto wa watu makosa ya Amerika. Alasiri nilikuwa natafuta neno la kumwambia binti yangu hapana, na kila neno nililolipata lilikuwa limekwisha semwa na mtu wa kusini mwenye shamba la pamba.

Magharibi nilipokwisha kusali nilimwita. "Aje," nikamwambia. "Nimwone."

Alikuja wiki iliyofuata pamoja na baba yake. Kijana alikuwa mpole, mwenye macho ya kutazama mtu moja kwa moja. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za mashua aliyestaafu, mtu mrefu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata. Nilitarajia atakuja kwa unyenyekevu, na nilikuwa nimejitayarisha kuwa mkarimu. Hakunipa nafasi hiyo.

"Ustadhi," akaniambia baada ya kahawa, kwa Kiswahili cha watu wa Sur waliochanganyika na mabaharia, "mimi sikutaka kuja. Mwanangu kanilazimisha. Wewe una khofu na ukoo wako, na mimi nina khofu na mwanangu. Sitaki aingie nyumba ambayo siku ya Idi atasalimiwa kwa ncha za vidole."

"Katika nyumba yangu hatasalimiwa hivyo," nikasema.

"Na nyumba ya kaka yako mkubwa, kule Nizwa?"

Alikunywa kahawa yake, akatikisa kikombe kuonesha ametosheka, akaniambia, "Basi kaongee naye kwanza. Sisi tutangoja. Kungoja tumekuzoea."

Mama yangu alikuwa anaishi kwangu. Alizaliwa Unguja, akaolewa Unguja, akakimbia na marehemu baba baada ya Mapinduzi, na Kiswahili chake hakijabadilika tangu siku aliyopanda meli. Nilipomweleza habari ya posa alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Ni kufu yake, wa daraja yake?"

"Kwa dini ni kufu yake, Bimkubwa. Anasali, ana kazi, ana adabu."

"Sikukuuliza dini." Akapuliza makapi. "Kamwambie kaka yako."

Nikaenda Nizwa Ijumaa. Kutoka Ibra njia inapita milimani mpaka Izki, kisha inafunguka, na kila mara nikifika Izki moyo wangu hunidunda kama wa mtoto anayepeleka barua ya mwalimu kwa baba yake. Kaka yangu ni mkubwa kwangu, na baada ya baba kufariki yeye ndiye aliyekuwa baba. Ana maduka sokoni, anauza tende na haluwa kwa jumla, na majlisi yake, chumba chake cha wageni, haikosi watu. Siku ile tulikuwa sisi, na wanawe wawili waliokuwa wakitoa kahawa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Ndugu yangu," akasema, "unakumbuka tulipokuja hapa? Tukiitwa Wazanzibari. Tukizungumza Kiarabu wanacheka. Wakitutazama nywele, wakitutazama pua, wakituuliza sisi ni wa nani, na mama zetu ni wa nani. Maisha yangu yote nimefanya kazi ili wasiulize tena. Leo nikiingia kwa sheikh yeyote kutoka hapa mpaka mji wa Adam, ananipisha nikae. Binti yangu ameposwa Adam, katika nyumba kubwa. Wale wanunuzi wangu wote ni watu wa nasaba. Wakisikia binti ya ndugu yangu kaolewa na khadimu, mjukuu wa mtumwa, unadhani wataniambia kitu? Hawatasema neno. Wataacha tu kuja."

"Kwa hiyo ni biashara."

"Ni biashara, na ni heshima, na ni watoto. Usizitenganishe kama unavyozitenganisha ubaoni."

Hapo ndipo kauli iliponitoka. Sikuwa nimekusudia kuisema mbele ya wanawe. "Na mama wa babu yetu je?" nikasema. "Yeye alikuwa wa nasaba gani?"

Wale vijana wakatazamana. Hawakuwa wakijua. Sisi wakubwa tunajua sote, na hakuna anayesema: bibi yule aliletwa Unguja mtoto kutoka Nyasa, akanunuliwa, akawekwa suria, akamzaa babu yetu.

Kaka aliweka kikombe chini taratibu. "Suria ni jambo jingine. Mtoto wa suria hufuata baba yake. Sharia imesema."

"Mtoto alimfuata baba. Na mama alimfuata nani?"

Aliwaambia wanawe, "Mpeni ami yenu maji ya kunawa." Huko kwetu hiyo ndiyo namna ya kumwambia mtu aende zake. Nikanawa, nikaondoka bila ya kula.

Baada ya siku ile nyumba yetu ikapasuka, na ilipasuka bila ya mtu kupiga kelele. Tulikuwa na kundi la familia kwenye simu, ambalo kazi yake ilikuwa dua za Ijumaa, picha za watoto na habari za misiba. Siku moja nikaona kaka yangu katoka. Kisha wanawe, kisha shangazi yetu wa Nizwa, kisha binamu zetu wa Izki. Jioni yake nikasikia kuna kundi jipya, na mimi simo. Shemeji zangu wa Sur nao wakamwambia mke wangu kwamba sisi Wazanzibari hatujui kuwaweka watu mahali pao, na ndio maana tulipoteza kisiwa. Mke wangu, ambaye mpaka siku ile alikuwa bado hajui awaite vipi wakwe wale, alirudi kutoka Sur macho yamemvimba, akanambia, "Waite waje. Mimi mwenyewe nitapika."

Nilikuwa silali vizuri. Darasani nilikuwa nasahau nilichokuwa nasema. Ibra iko katikati ya njia ya Nizwa na Sur, na kila aliyepita kutoka upande mmoja alisimama kwangu kunipa neno la upande huo. Mwenye gari anayetoka Nizwa aliniambia niogope Mungu kwa ndugu yangu. Mwenye gari anayetoka Sur aliniambia niogope Mungu kwa binti yangu.

Pigo lililoniumiza zaidi lilitoka ndani. Asubuhi moja nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, buibui limekwisha valiwa, na sanduku lake dogo liko miguuni.

"Nipeleke Nizwa," akasema. "Nitakaa kwa kaka yako."

"Bimkubwa, umenikasirikia?"

"Nipeleke, mwanangu. Kama huwezi, nitamwita yeye."

Nikampeleka. Njia nzima alikuwa akivuta tasbihi, mpaka tulipoanza kuingia milimani. Kisha akaanza kuzungumza akitazama mbele, kama anayemsimulia mtu aliyeko barabarani.

"Wewe unadhani mimi namchukia yule kijana. Simchukii. Sikumwona hata uso. Mimi naogopa." Akavuta pumzi. "Siku ile kule shamba, walipokuja na mapanga, aliyekuwa mbele yao nilimjua. Alizaliwa uani kwetu. Mama yake alikuwa mpishi wetu, na bibi yake alikuwa mtumwa wa babu ya baba yako. Alikula chakula chetu. Baba yako alimlipia skuli."

Habari ile nilikuwa nimeisikia tangu utotoni. Ndiyo habari iliyotulea, na ilikuwa ikiishia hapo kila siku: tulimlisha, akatujia na panga. Safari hii hakuishia hapo.

"Na aliyenificha ni mama yake," akasema. "Alinifungia stoo ya kuni, akakaa mlangoni akimkemea mwanawe. Nilimsikia. Alimwambia, huyu ni mwanamke, mwache. Na yule kijana akamwambia mama yake: miaka yote hii, Mama, waliwahi kukukalisha kitini?"

Nikapunguza mwendo.

"Nilikaa mle ndani gizani nikitafuta," mama akasema. "Nikitafuta siku moja. Siku ya Idi, siku ya maulidi, siku ya harusi yangu. Sikuipata. Baba yako hakuwahi kumpiga mtu yeyote yule. Lakini mpishi wetu hatukuwahi kumkaribisha kwenye kiti."

"Kwa nini hukuwahi kutwambia hayo?"

"Ningewaambia ili iweje? Tulikuwa tumepoteza kila kitu. Mngetaka na lawama iwe yetu?"

Nilitaka kusimamisha gari. Nilitaka kumwambia kwamba basi ndiyo hiyo sababu, ndiyo kwa ajili hiyo lazima kijana yule aingie kwetu kwa mlango wa mbele. Nikamwambia, kwa maneno machache.

Alitikisa kichwa. "Wewe umesoma, unaona ukifungua mlango mambo yatatengenea. Mimi nimeona nyumba ikigawanyika, nikaona mwisho wake. Nikiwa kwako, kaka yako atasema mama kaungana na upande wenu, na hatarudi tena. Nikiwa kwake, itakubidi uje kunitazama kila wiki, na yeye itambidi akufungulie. Basi. Hiyo ndiyo kazi niliyobakiwa nayo."

Nilimshusha Nizwa. Kaka mwenyewe alikuja kumpokea sanduku. Tulipeana mikono. Hakuniambia karibu, wala sikutegemea.

Nikaha ilifungwa Sur baada ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nyumbani kwa baba wa kijana, karibu na bahari. Mimi ndiye niliyekuwa walii wa bibi harusi. Kadhi aliponiambia niseme, ulimi ulikuwa mzito, na si kwa majuto. Nilikuwa natazama mlango. Upande wetu walikuja shemeji yangu mmoja, mdogo wao, na majirani zangu wa Ibra, na mwalimu mwenzangu wa hesabu. Upande wao chumba kilijaa mpaka barazani. Baba wa kijana alinikalisha kuliani kwake, na chakula kilipoletwa alinichambulia nyama kwa mkono wake na kuniwekea mbele yangu. Hakusema neno juu ya kaka yangu. Binti yangu alipiga simu Nizwa kwa bibi yake, wakalia wote wawili, na nilisikia mama akimfundisha dua ya kuingia nyumba mpya, neno kwa neno.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kaka yangu alikuwa amesema kweli juu ya jambo moja. Haikupita miezi mingi, wale watu wa Adam wakatuma mtu kwa adabu kusema kwamba posa ya binti yake haina nasibu. Hawakutaja sababu.

Alinipigia mwenyewe, mara ya kwanza tangu siku ile ya majlisi. "Umeridhika sasa?" akaniuliza, kisha akakata.

Niliomba ruhusa skuli, nikaenda. Nilimkuta kakaa peke yake, na duka amemwachia mwanawe. Binti yake alinifungulia mlango, akanibusu mkono, akanambia kwa Kiarabu, "Ami, usijilaumu. Mwenyewe sikulia sana." Lakini macho yake yalisema alilia vya kutosha, na kwa aibu sikumtazama tena. Yule hakuwa ameamua lolote. Sisi ndio tuliopigana, na risasi ikampata yeye.

"Twende Adam," kaka akasema ghafla. "Twende mimi na wewe. Nataka waseme mbele yangu."

Tukaenda. Alikuwa anaendesha kwa kasi na huku akipigapiga usukani kwa vidole. Mwenye nyumba kule alitupokea kwa heshima zote. Tende, kahawa, matunda, habari za afya, habari za mvua, habari za mbuzi na bei zake. Kila kaka yangu alipojaribu kulifikia lile jambo, yule mzee alilizungusha kwa upole. "Ndoa ni kismati na nasibu," akasema. "Binti yako ni binti yetu." Akatusindikiza mpaka garini, akatushika mikono kwa muda mrefu.

Tulikwisha toka nje ya mji kaka aliposema, "Hawakutuuliza hata swali moja."

"Hawakuuliza."

"Wangeuliza ningewajibu."

"Ungewajibu nini?"

Alifikiri. Jangwa lilikuwa jeupe pande zote mbili. "Wallahi sijui," akasema. "Nilikuja na majibu mawili. Moja la uongo na moja la kweli. Nilikuwa nangoja nione lipi litatoka."

Nilikuwa na hasira naye na nilimhurumia, na vyote viwili vilikaa kifuani mwangu bila ya kupatana. Mpaka leo hajamwona mkwe wangu. Salamu za binti yangu huzipokea kupitia kwa mama, na huzirudisha kwa njia hiyo hiyo. Sijui kama hiyo ni amani, au ni kule kuahirisha tu.

Siku ile tulipofika njia panda alisimamisha gari pembeni, akaniambia macho yanamuuma, niendeshe mimi. Tukabadilishana viti. Aliegemea dirisha mpaka tukaanza kuyaona mabustani ya Nizwa.

"Hivi kutoka kwako mpaka Sur," akauliza, "barabara mpya imekwisha yote?"

"Imekwisha."

"Mtu akitoka asubuhi anawahi kurudi?"

"Anawahi," nikamwambia.

Akafumba macho. Nikaendelea kuendesha.